Kumkanda mtoto sawa, jivu la dhahabu hapana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Sisi wenye watoto wa Down sindromu, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili na ukuaji wa mtoto, hatuishi kutumiwa meseji za WhatsApp za dawa za Kihindi, Ayurveda, eti mtoto ataongea mapema na akili itafunguka. Mimi sipingi dawa za asili ila humo ndani vitu havilingani.

Kumkanda mtoto na mafuta ya ufuta ya vuguvugu, wenyewe wanaita abhyanga, hilo halina neno, bibi zetu huku Pwani nao wanakanda watoto na mtoto anatulia analala vizuri. Ila shingo msiivute wala kuizungusha, baadhi ya watoto hawa viungo vya shingo vimelegea, na mazoezi ya fiziotherapia yaendelee kama kawaida.

Shida yangu ni ile swarnaprashana. Dhahabu inachomwa mpaka inakuwa jivu, inachanganywa na asali na samli, huko India watoto wanapelekwa kudondoshewa mdomoni kila mwezi siku ya nyota ya Pushya. Jamani asali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka ni hatari, inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli mpaka pumzi inagoma, na wetu misuli ilishalegea toka kuzaliwa! Halafu mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima dawa za Ayurveda zinazouzwa kwenye intaneti wakakuta karibu moja kati ya tano ina madini ya sumu, yaani risasi, zebaki au aseniki. Risasi inaharibu ubongo, sasa hapo umenunua dawa ya akili au nini?

Kinachonikera zaidi ni muda na hela. Karibu nusu ya watoto hawa wanazaliwa na tatizo la moyo, kwa hiyo kipimo cha moyo ndio cha kwanza, halafu damu ipimwe kuona tezi ya shingo inafanyaje kazi, maana mtoto anaweza kuwa mzito na mvivu kumbe ni tezi na dawa yake ni kidonge cha kila siku. Na hiyo ashwagandha, dawa ya mizizi ya Kihindi wanayotuuzia, nayo inachezea tezi hiyohiyo, kama mtoto yuko kwenye dawa mwambie daktari kwanza.

Ombi langu kwenu gazetini, mkiletewa tangazo la dawa ya watoto ombeni kwanza cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala pamoja na majibu ya maabara, asiyekuwa navyo msimchapishie.

Mzazi,
Tanga