Barua kwa rafiki: Mwache mtoto ashike kalamu mwenyewe

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wanangu wote wawili. Barua yako imenifikia, na nimeona nikae chini nikujibu kwa kirefu, maana maswali yako hayajibiki kwa ujumbe mfupi. Unataka kujua ufanye nini na watoto hapo nyumbani ili wachore, wajifunze, na simu ipumzike. Tena umesema unaogopa kuanza kwa sababu hujui kuchora hata kuku, na vifaa huna.

Nianze na hilo la kuchora. Kutojua kwako hakumpunguzii mtoto chochote, na huenda kukamsaidia. Mzazi mwenye mkono mzuri hushawishika kuichukua kalamu. Mtoto anasema “nichoree gari”, anachorewa gari zuri, na kesho yake hataki kushika kalamu tena kwa sababu lake halifanani na la mama. Nimeliona hili kwa watoto wengi darasani, na kila mara huniuma. Mkubwa wako akikuomba umchoree, muulize gari lina nini. Magurudumu yako wapi? Dereva anakaa upande gani? Atachora kile anachokijua. Pengine litatoka sanduku na miduara miwili inayoelea mbali nalo. Lipokee hivyo hivyo, ni gari.

Sasa huyo mdogo wa miaka miwili, ambaye umeniandikia kwamba “anaharibu tu karatasi”. Haharibu, ndugu yangu, yuko kazini. Mtoto wa umri huo hushika kalamu kwa ngumi na mwendo wote hutoka begani, ndiyo maana mistari yake ni mirefu na huvuka mpaka mezani. Baadaye kiwiko kinaanza kufanya kazi, kisha kifundo cha mkono, na vidole huja mwisho kabisa. Ukitazama karatasi zake za miezi kadhaa ukizipanga kwa tarehe, utaona mistari ya kwenda na kurudi, halafu mizunguko, halafu siku moja mzunguko unaofungwa pale ulipoanzia. Kuufunga mzunguko ni jambo kubwa, kwa kuwa sasa mkono unalifuata jicho. Kuna mwalimu wa Marekani, Rhoda Kellogg, aliyekusanya michoro ya watoto kwa miaka mingi, na aliorodhesha aina 20 za mikwaruzo ya msingi. Sisi tunaona vurugu, yeye aliona aina 20.

Baada ya huo mduara, mara nyingi karibu na miaka mitatu au minne, atatokea mtu: kichwa kikubwa, macho, na miguu inayoning’inia moja kwa moja kutoka kichwani. Kiwiliwili hakuna. Wataalamu humwita mtu kiluwiluwi, na watoto wa nchi nyingi humpitia huyo huyo. Tafadhali usimrekebishe. Usiulize “tumbo liko wapi?” Tumbo litakuja lenyewe wakati wake.

Kwa hiyo mdogo mpe karatasi kubwa, uibandike mezani au sakafuni kwa selotepu kwenye kona zote nne, maana karatasi inayoteleza humkatisha tamaa mtoto mdogo kuliko kitu kingine chochote. Krayoni zake ziwe nene. Mkubwa mpe vipande vifupi vilivyovunjika, vile ambavyo watu huvitupa. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, hivyo vidole vinalazimika kukibana, na kubana huko ndiko kutakakomfaa atakapoanza kuandika. Na kwa siku ambazo huna nguvu ya kufuta chochote, wape brashi na kikombe cha maji wakapake ukuta wa nje au sakafu ya saruji. Maji yanaacha alama nyeusi, jua linaikausha, wanaanza upya. Mkubwa ataanza kujiuliza maji yanakwenda wapi, nawe mwache ajibu kwanza kabla hujajibu wewe.

Kama ni lazima uchague kitu kimoja tu kati ya yote nitakayokuandikia, chagua unga wa kufinyanga. Chukua vikombe viwili vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha chumvi, ongeza kijiko kikubwa cha mafuta, kisha mimina maji kidogo kidogo, karibu kikombe kimoja, ukikanda mpaka usinate tena mkononi. Ukinata, ongeza unga. Ukipasukapasuka, ongeza maji. Usiukande peke yako ukawaletea uliokwisha kuwa tayari! Kupima ni nusu ya somo. Mkubwa ahesabu vikombe, aone kwamba chumvi ni nusu ya unga. Mdogo amimine na achovye vidole. Waache wakosee kidogo na maji, wauone uji, kisha wauokoe kwa unga. Chumvi husaidia usiharibike haraka, kwa hiyo ukiufunika vizuri kwenye chombo chenye mfuniko utautumia tena siku nyingine. Kinachoachwa nje hukauka na kuwa kigumu, na unaweza kukipaka rangi.

Sipendi kuanza na vile vibati vya kukatia maumbo. Mtoto akipewa kibati cha nyota hutoa nyota moja baada ya nyingine, zote sawa, na mikono yake haijafanya lolote. Waache kwanza waviringishe nyoka, wafinye, wavute, wabonyeze majani na vifuniko waone alama iliyobaki. Siku nyingine nyoka atakunjwa kuwa herufi, au atakatwa vipande vya kuhesabia. Jambo moja tu ulisimamie: wasiule. Chumvi ni nyingi mno, na unga mbichi unaweza kubeba vijidudu vya kuumiza tumbo. Kama mna mbwa, usiuache anapoweza kuufikia, kwani chumvi nyingi kiasi hicho ni hatari kwake.

Kuhusu rangi, usinunue boksi la rangi kumi na mbili. Nyekundu, njano na buluu zinatosha, na siku ya kwanza wape mbili tu. Buluu na njano, kwa mfano. Usiwaambie kitakachotokea. Uso wa mtoto anapoiona kijani imetokea chini ya brashi yake mwenyewe ni jambo ambalo sichoki kulitazama baada ya miaka yote hii ya kufundisha watoto wa awali, na nisingependa umnyime kwa kulitangulia kwa maelezo. Siku nyingine nyekundu na njano, wapate rangi ya chungwa. Siku zote tatu zitakapokutana zitatoka rangi ya matope, na hapo usisikitike. Mtoto anayefika kwenye matope ameuliza swali lake mpaka mwisho.

Mkubwa atapenda pia mchoro uliofichika. Mchoree kitu kwa mshumaa mweupe kwenye karatasi nyeupe, au bora achore mwenyewe, kisha apake juu yake rangi ya maji iliyochanganywa iwe nyepesi. Nta haipokei maji, kwa hiyo rangi inashika kila mahali isipokuwa pale mshumaa ulipopita, na picha inatokea. Jingine: mchukulie kalamu nyeusi ya wino unaoyeyuka kwenye maji, chora mstari mnene karibu na ncha ya kipande cha karatasi laini ya kufutia, kisha uichovye ncha hiyo majini bila mstari wenyewe kuzama. Maji yatapanda taratibu na kuuburuta wino, na mara nyingi weusi huo utaachana, zitoke buluu, zambarau, pengine njano, kwa sababu wino mweusi wa kalamu nyingi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa. Sanaa iishie wapi na sayansi ianzie wapi, mtoto hajali, na sioni kwa nini sisi tujali.

Maboksi, magazeti, gundi na mikasi yenye ncha butu sina haja ya kukueleza, utaona mwenyewe watakavyovitumia. Ila usukaji wa karatasi naupenda, uujaribu na mkubwa: pasua karatasi mistari bila kufika ukingoni, kisha apitishe vipande vya rangi nyingine juu, chini, juu, chini. Si jambo jipya. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837 kule Bad Blankenburg, alikuwa na kusuka karatasi, kuikunja, kuitoboa na kufinyanga miongoni mwa kazi zake, pamoja na mipira ya sufu na vipande vya mbao. Nakutajia hili ili usije ukadhani kwamba kujifunza nyumbani kunangoja vifurushi vya gharama.

Umeniuliza kuhusu herufi, na nimeona wasiwasi wako kwamba mtoto wa jirani tayari anaandika. Usimkimbize. Kwanza masikio. Piga naye makofi kwa silabi za majina ya watu wa nyumbani, moja kwa kila silabi, kisha mwambie atafute vitu vinavyoanza kwa sauti kama ya jina lake. Akishasikia, mpe herufi za kugusa. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto huko Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi zilizokatwa kwa msasa wazifuate kwa vidole kabla ya kushika penseli. Wewe unaweza kumwaga mchanga mkavu kwenye sinia, achore kwa kidole, atikise, aanze tena. Anza na herufi za jina lake, kwa sababu hizo anazitaka.

Na kuna zoezi moja ambalo nalithamini kuliko yote ya kusoma. Mtoto akimaliza kuchora, mwambie akusimulie, nawe uandike chini ya picha maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na makosa yake ya sarufi. Kisha msomee huku kidole chako kikipita chini ya maneno. Atakuomba urudie. Hapo anagundua kwamba alichokisema kinaweza kukaa kwenye karatasi, na kila atakapokirudia atakikuta palepale. Fanya hivi mara kwa mara, kisha zishone karatasi hizo pamoja ziwe kitabu chake.

Hesabu nayo ina mtego wake. Mkubwa wako anaweza kutaja moja hadi ishirini bila kusita, lakini umwambie “nipe vifuniko vitano” akakuchotea konzi nzima. Kuyataja majina ya namba na kujua idadi ni mambo mawili. Kwa hiyo ahesabu vitu, akigusa kimoja kwa namba moja: sahani zinazotosha watu wa nyumba, soksi zinazopata wenzake, ngazi anazopanda. Mjaribu pia na glasi mbili zinazofanana zenye maji sawa. Mimina ya moja kwenye glasi nyembamba na ndefu mbele ya macho yake, umuulize ipi ina maji mengi. Atasema ndefu. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alilifanya jaribio hili kuwa maarufu, na watoto wengi hujibu hivyo kabla ya umri wa miaka saba hivi. Usibishane naye, mwache amimine na kurudisha mwenyewe kadiri apendavyo.

Kwa huyo mdogo uwe mkali katika jambo moja. Bado anatia vitu mdomoni, puani na masikioni. Shanga, maharagwe, vifungo na vifuniko vidogo vya mkubwa viwekwe juu, vitumike mdogo akiwa amelala. Kipimo chepesi: kitu kinachopita ndani ya lile bomba la katikati la karatasi ya chooni ni kidogo mno kwake. Haragwe likinasa puani hufyonza unyevu likavimba. Na zile betri bapa ndogo za vitu vya kuchezea zisiwe kabisa karibu na kazi zenu, kwani zikimezwa huchoma koo kwa muda mfupi.

Simu sikuambii uitupe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Lakini ukiizima bila kuwa na kitu mezani, mtapigana. Andaa kwanza, kisha zima. Dakika kumi au kumi na tano za umakini kwa mdogo ni nyingi, akiondoka usimrudishe.

Ukikaa nao, punguza “vizuri sana!” Sema unachokiona: “umejaza buluu kona hii yote”, “mstari huu umepinda ukarudi.” Mtoto akisifiwa kila saa huanza kuchora huku akikutazama uso. Ukisema ulichokiona, atakueleza mwenyewe kilichomo, mara nyingi usichokitarajia.

Anza Jumamosi na unga. Niandikie unieleze mkubwa alisema nini, maneno yake hasa, na unitumie karatasi moja ya mdogo. Nitaibandika darasani kwangu. Mwambie shemeji karatasi za kazini zilizoandikwa upande mmoja asizitupe, upande wa pili una wenyewe sasa.

Wabusu wanangu.

Rafiki yako akupendaye daima