Mkono wa kushoto wa Leon Fleisher

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma, na kuna jambo moja siwezi kuliacha lipite. Unasema Leon Fleisher alikuwa mpiga piano mkubwa hadi mkono ulipomharibikia, na kwamba yaliyofuata ni ya kumhurumia tu. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Mwanzo wake unaujua, kwa hiyo sitakaa hapo. Alizaliwa San Francisco mwaka 1928, akawa mwanafunzi wa mpiga piano mashuhuri Artur Schnabel akiwa bado mtoto, na akiwa na miaka 16 alipiga na okestra ya New York Philharmonic. Mwaka 1952 akawa Mmarekani wa kwanza kushinda shindano la piano la Malkia Elisabeth kule Brussels. Kisha zikaja konseto, yaani kazi za piano pamoja na okestra, za Beethoven na Brahms alizorekodi na okestra ya Cleveland chini ya George Szell. Kwangu mimi, za Brahms hazijapata mpinzani.

Mnamo 1964 kidole cha pete na kidole kidogo cha mkono wa kulia vikaanza kujikunja vyenyewe kuelekea kiganjani. Ugonjwa huo unaitwa distonia. Misuli yenyewe ni mizima, kasoro iko kwenye amri zinazotoka ubongoni, na huwapata hasa watu waliorudia kazi ileile ya vidole miaka nenda miaka rudi. Miaka mingi ilipita kabla hajaambiwa hata jina lake. Alikata tamaa kweli, hilo silikatai.

Lakini tazama alikoelekea. Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa amewaagizia watunzi wakubwa kazi za mkono wa kushoto peke yake. Fleisher akazishika, hasa konseto ya mtunzi Mfaransa Ravel. Okestra inaanzia chini kabisa, kwenye sauti nzito, halafu piano inaingia yenyewe. Ukifumba macho utaapa ni mikono miwili. Siri iko kwenye kidole gumba. Katika mkono wa kushoto gumba ndilo linaloelekea sauti za juu, na ndilo lenye nguvu, kwa hiyo linaimba wimbo huku vidole vinne vikishughulika na besi, yaani sauti za chini. Mkono ukiruka kwenda juu, pedali inabaki imeshikilia nota za chini zisife. Gumba likizidi kidogo tu, wimbo unageuka kelele. Fleisher halizidishi.

Halafu kuna ualimu. Pale Peabody, chuo cha muziki cha Baltimore, alikofundisha tangu 1959, sasa hakuweza kukaa kwenye piano na kusema fanya hivi, kwa sababu mkono haukumtii. Ilimbidi atafute maneno ya kumwonyesha mwanafunzi sauti inakwenda wapi na kwa nini. André Watts alipitia kwake, Yefim Bronfman pia, na baadaye Jonathan Biss. Akaanza pia kuongoza okestra. Hiyo ndiyo miaka unayoiita ya kuhurumiwa!

Katika miaka ya 1990 sindano za Botox, dawa ya kulegeza misuli, pamoja na kukandwa misuli kwa kina, zilivilegeza vile vidole kiasi cha kumrudishia mkono wa kulia. Hakupona kabisa. Mwaka 2004 ikatoka albamu yake Two Hands, yenye sonata ya mwisho ya Schubert, na watu wengi walishangilia kana kwamba ndiyo kwanza amefufuka. Wanachosahau ni kwamba mwaka huohuo, kule Berlin, alipiga kwa mara ya kwanza hadharani kazi ya mkono wa kushoto ambayo mtunzi Mjerumani Hindemith alimwandikia Wittgenstein mwaka 1923. Wittgenstein hakuipiga kamwe, wala hakumpa mtu mwingine. Fleisher alikuwa na mikono yote miwili tena, na bado aliurudia ule mmoja kwa hiari yake. Aliendelea kupiga na kufundisha hadi uzeeni, akafariki Agosti 2020 akiwa na miaka 92.

Anza na Ravel, Two Hands ifuate baadaye. Ukimaliza niandikie, na usinifichie kama bado unabisha.

Wako akupendaye