Kimya cha mratibu kimenikwamisha: je, niambatishe barua pepe zangu kwenye rufaa?

Ndugu Mshauri,

Ninaomba ushauri wako, na wa wasomaji wenye uzoefu wa mambo ya vyuo, kuhusu rufaa ya kupinga kukataliwa kwa kozi mbili nilizozisoma ugenini, ambayo ninatakiwa ama kuiwasilisha katika siku tisa zijazo ama kuiacha kabisa. Mimi ni mwanafunzi wa kike wa mwaka wa tatu, nasomea shahada ya Jiografia katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Oktoba mwaka jana nilikwenda Ujerumani, katika jimbo la Bavaria, kusoma muhula mmoja kwa ufadhili wa Erasmus+, yaani mpango wa Umoja wa Ulaya ambao humpa mwanafunzi fedha za safari na za kujikimu, naye husoma katika chuo cha ugenini bila kulipa ada ya huko.

Kabla ya kuondoka tulitia saini Mkataba wa Masomo: mimi, chuo changu na chuo kilichonipokea. Mkataba huo hutaja kozi ambazo mwanafunzi atazisoma ugenini, na kozi za nyumbani ambazo atahesabiwa kuwa amezimaliza atakaporudi. Mimi niliandikiwa kozi sita za krediti (kipimo cha wingi wa kazi ya kozi) tano tano, jumla krediti 30 za Ulaya, ambazo ndizo kawaida ya muhula mmoja kule.

Nilipofika, mambo mawili yalikwenda kombo. Kozi ya mifumo ya taarifa za kijiografia, ambayo orodha ilisema inafundishwa kwa Kiingereza, ilikuwa ya Kijerumani kuanzia salamu ya mwalimu hadi kwaheri, na Kijerumani changu cha miezi mitatu kilitosha kununulia mkate tu. Kozi ya mbinu za utafiti nayo iligongana na kipindi kingine siku hiyo hiyo, saa ile ile. Mshauri wa wanafunzi wa kigeni alinielekeza kwenye kozi mbili mbadala, moja ya uchambuzi wa picha za setilaiti na nyingine ya takwimu, kisha akanipa fomu ya mabadiliko ya mkataba, ambayo nayo huhitaji saini tatu zile zile. Mimi nilisaini, na wenyeji wangu wakasaini. Siku hiyo hiyo nilimtumia fomu hiyo kwa barua pepe mratibu wetu wa nyumbani, yaani mwalimu anayesimamia safari hizi katika chuo changu. Wiki mbili zikapita bila jibu. Nikamwandikia tena, na kwa mara ya pili sikujibiwa.

Hapo ndipo lilipo kosa langu, nami silifichi. Ningeweza kumpigia simu, au kumwandikia mkuu wa idara, lakini nilikuwa nimeanza masomo, baridi ilikuwa imenishika, nikajiambia kwamba kama mabadiliko yale yangekuwa na tatizo ningekwisha kuambiwa. Nilikichukulia kimya kuwa ni kibali.

Nilirudi mwezi Aprili na matokeo ambayo niliyaonea fahari. Ofisi ya mitihani haikuyaona hivyo. Kwa Wajerumani alama ya juu kabisa ni 1.0, ya mwisho ya kufaulu ni 4.0, na 5.0 ni kufeli, wakati kwetu 5.0 ndiyo kilele na aliyepata wastani wa 1.3 amekwisha kudisko, kama tunavyosema wanafunzi, yaani ameondolewa chuoni. Ilinichukua siku tatu kumshawishi ofisa mmoja kwamba 1.3 yangu haikuwa msiba. Kuna kanuni ambayo Wajerumani wenyewe huitumia kubadilisha alama za kigeni, na ukiipitisha kwenye kipimo chetu, ambacho alama yake ya juu ni 5 na ya chini ya kufaulu ni 2, hesabu yote inakuwa nyepesi: unaitoa alama ya Kijerumani kutoka katika 6, na 1.3 inakuwa 4.7. Krediti nazo zilizua mjadala, kwa sababu mwaka mmoja wa masomo Ulaya una krediti 60 na wa kwetu una 120, kwa hiyo krediti tano za kule haziwezi kusomwa kama tano za hapa. Haya yote idara imekwisha kuyakubali, nami naishukuru. Kozi nne zimeingizwa.

Zilizokataliwa ni zile mbili za badala. Fomu ina saini mbili badala ya tatu, na kwa mujibu wa idara mimi sikusoma kozi mbili za lazima, ambazo hufundishwa muhula wa kwanza tu. Nikikubali uamuzi huo nitazibeba hadi mwaka ujao wa masomo, na mahafali yangu yatasogea mbele mwaka mzima. Mkopo wangu ulipangwa kwa miaka mitatu. Mama yangu, anayeuza machungwa Muheza, amekwisha kuwatangazia jirani zake kwamba mwaka huu anakwenda Dar es Salaam kwenye mahafali.

Ninaweza kukata rufaa, na ushahidi ninao: barua pepe mbili zenye tarehe, na fomu iliyoambatishwa katika kila moja. Kinachonizuia kuzitoa ni yule aliyetumiwa. Mratibu huyu ndiye aliyeniandikia barua ya mapendekezo, akanisindikiza ubalozini siku ya viza, na hata akaninunulia koti kwa fedha yake. Aliponiita ofisini hakunikaripia. Alinieleza kwamba miezi ile alikuwa akimuuguza mkewe hospitalini na hakuwa akifungua barua, kisha akasema, “Mwanangu, tuyamalize sisi kwa sisi.” Alitaka nibebe kozi hizo mbili, naye angenitafutia kazi ya muda maktaba ili nipate cha kujikimu. Sikumkubalia wala sikumkatalia. Nilimwambia, “Nimekuelewa, Mwalimu,” nikatoka.

Sidhani kwamba ana nia mbaya. Hata hivyo, Oktoba ijayo wanafunzi wawili watasafiri kupitia kwake, nao wakibadilishiwa kozi kama mimi, fomu zao zitaingia katika sanduku lile lile la barua.

Ninachoomba kujua ni hiki. Je, inawezekana kujenga rufaa kwa maudhui ya kozi peke yake, nikaonyesha kwamba uchambuzi wa picha za setilaiti na takwimu vinakaribiana na vile nilivyotakiwa kusoma, bila kumtaja mtu aliyenyamaza? Au kamati ya Seneti, baraza kuu la taaluma la chuo, itauliza mara moja kwa nini saini ya tatu haipo, nami nionekane nimeficha jambo? Na kama ni lazima barua pepe hizo ziambatishwe, je, ni heshima kwenda kumwambia Mwalimu kwanza, ilhali nahofu kwamba akinisihi nisizitoe, moyo wangu utalegea?

Fomu ya rufaa nimekwisha kuijaza, isipokuwa sehemu ya viambatisho.

Wako katika kusubiri,
Msomaji, Dar es Salaam
(Naomba jina langu lisichapishwe.)