Bia mbili za mpwa wangu

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita nilikuwa Mwaloni, Kirumba, nasubiri debe langu la dagaa, mpwa wangu akaninyooshea simu. Ametumiwa ujumbe: bia mbili kwa siku zinalinda moyo. "Sayansi hiyo, mjomba." Huyu ndiye anayemeza kidonge cha presha kila asubuhi!

Mimi ni mstaafu wa maabara, na maneno hayo najua yalikoanzia. Si uongo mtupu. Pombe kidogo hupandisha HDL, ile tunayoiita kolesteroli nzuri: vifurushi vya protini na mafuta vinavyookota kolesteroli mwilini na kuirudisha kwenye ini. Hupunguza pia faibrinojeni, protini inayogandisha damu. Mwaka 2011 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa majaribio mengi ulioonyesha yote mawili. Hapo mpwa wangu namwachia.

Ila majibu ya maabara si moyo wenyewe. Kulikuwa na dawa iitwayo torcetrapib iliyopandisha HDL kuliko bia yoyote itakavyoweza. Ilisimamishwa mwaka 2006, kwa sababu kwenye majaribio waliopewa dawa walikufa wengi kuliko ambao hawakupewa. HDL juu, na presha nayo juu.

Tena zile tafiti za zamani zilizowasifu wanywaji wa kiasi, ziliwalinganisha na nani? Na wasiokunywa, ambao baadhi yao waliacha pombe baada ya kuugua. Hata hapa mtaani, mtu akiacha bia ghafla tunauliza amepatwa na nini. Mwaka 2014 watafiti walitazama watu waliozaliwa na jeni inayowafanya wanywe kidogo kuliko wenzao. Hao ndio walioonekana kuwa na presha ya chini na maradhi machache ya moyo. Na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.

Kinachonikera zaidi ni hili neno "kiasi". Kipimo kimoja cha pombe kwa hesabu za shirika hilo ni gramu 10. Chupa yetu ya mililita 500, yenye asilimia 5, ina gramu kama 20. Nilimpigia mpwa wangu hesabu palepale, juu ya gunia la dagaa. "Kwa hiyo mbili zangu ni nne?" Ndiyo, na hapo sijagusa gongo, ambayo hata anayeipika hajui nguvu yake.

Ombi langu, Mhariri: ukurasa wenu wa afya ukiandika tena "kunywa kwa kiasi", andikeni ni chupa ngapi, ya ujazo gani. Na mwenye presha mwambieni amuulize daktari wake kabla hajausambaza ujumbe huo kwenye kundi la ukoo. Kwetu umeshafika mara tatu.

Mstaafu wa maabara,
Ilemela, Mwanza