Visahani vya Katanga na muhuri wa Wamarekani

Dodoma, Jumapili jioni

Ndugu yangu Baba Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi na upepo. Sisi hatujambo. Mama Tumaini mguu umepata nafuu, sasa anakwenda sokoni na kurudi bila fimbo. Naamini huko Kasanga nanyi mko salama, na ziwa linatoa.

Ujumbe wako wa simu niliupata. Niliusoma mara tatu, kisha nikamwita Tumaini anitafutie hiyo karatasi yenyewe, maana uliniandikia kwa herufi kubwa: SERIKALI YA MAREKANI IMEKIRI, VISAHANI VYA KUTOKA NJE YA DUNIA VILIPITA KONGO. Nikasema hili si la kujibu kwa kidole gumba. Ndiyo nimekaa na kalamu, na kijana wa dada yangu anayekuja huko wiki ijayo atakufikishia.

Kwanza nikupe haki yako. Karatasi ipo, haikutungwa na vijana wa mitandaoni. Ni ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ya tarehe 16 Agosti 1952, na Januari 2016 wenyewe waliichomoa kwenye maktaba yao pamoja na nyingine chache wakaitangaza kwenye tovuti yao. Inasema visahani viwili vya moto vilionekana juu ya machimbo ya urani kusini mwa Kongo ya Wabelgiji, huko Katanga, wilaya ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Vilikuwa vikiteleza na kujipinda angani, ukivitazama kutoka chini mara ni sahani, mara yai, mara mstari tu. Vikasimama mahali pamoja, halafu vikatimka kwa kwenda upogoupogo kuelekea kaskazini mashariki, huku watu wakisikia mlio mkali wa kufoka na kuvuma. Dakika 10 hadi 12 hivi.

Kiwanja kidogo cha ndege cha hapo kilikuwa na mkubwa wake, Kamanda Pierre. Akaingia kwenye ndege ya kivita akavifukuza. Anadai alikisogelea kimoja hadi mita kama 120. Upana alikadiria mita 12 hadi 15, rangi ya alumini kama sufuria mpya, katikati kimetulia tuli, ukingo wote unazunguka umefunikwa na moto. Robo saa baadaye akashindwa, vikampotea kwa mstari ulionyooka kuelekea Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita 1,500 kwa saa.

Ziwa Tanganyika, Baba Neema! Nilichukua atlasi ya mjukuu na rula. Ukitoka Lubumbashi kwenda kaskazini mashariki unaangukia ncha ya kusini ya ziwa, hapo hapo mlipo. Kilomita 500 na ushei. Kwa mwendo ule, dakika 20 na ushei zingetosha kuvifikisha juu ya paa la marehemu baba yako. Ulivyosisimka nakuelewa kabisa.

Sasa nisikilize mimi niliyekaa masijala miaka 31.

Kazi yangu unaijua. Barua inaingia, napiga muhuri wa tarehe, naandika kwa wino mwekundu namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, natoboa tundu, nafunga kwa uzi ndani ya jalada. Hakuna siku niliyoulizwa kama yaliyoandikwa ni kweli. Muhuri wangu ulisema jambo moja tu, kwamba karatasi imefika. Katika ofisi moja niliyopita iliingia barua ya raia mwema kwamba chui ameonekana nyuma ya shule. Hakuna aliyekwenda kutazama. Ikawa folio ya 14. Miaka ikapita, akaja mkubwa mgeni, akapekua jalada, akaandika dokezo: kumbukumbu zinaonyesha eneo hili lina chui. Dokezo likazaa barua ya kwenda wilayani, nakala ikarudi kwangu, nikaipa folio ya 22. Kuanzia hapo ukimuuliza mtu habari za chui anakuambia tazama folio ya 22. Chui yule alizaliana ndani ya jalada bila kula mbuzi hata mmoja.

Ndiyo maana mimi karatasi naanza kuisoma juu, kwenye kichwa, kabla ya hadithi. Ile ya CIA ni fomu ya habari zilizookotwa kwenye machapisho ya nje na matangazo ya redio. Kuna visanduku vya kujaza. Imechapishwaje? Gazeti la kila siku. Wapi? Vienna. Lugha? Kijerumani. Gazeti ni Die Presse, toleo la tarehe 29 Machi 1952. Na fomu yenyewe imechapwa onyo kwamba habari hizi hazijapimwa. Hapo hakuna jasusi aliyelala porini Katanga na darubini. Kuna mfasiri aliyekaa na gazeti la Austria lililotoka miezi minne na nusu nyuma, akafasiri, karani mwenzangu akapiga muhuri. Ulicholetewa wewe ni folio ya 22.

Halafu angalia tarehe ya tukio. Haipo! Wameandika tu kwamba ni hivi karibuni. Mimi barua ya namna hiyo ningemrudishia mwandishi. Na mahali je? Wanasema machimbo yako mashariki ya Mto Luapula, ule unaounganisha Ziwa Bangweulu na Ziwa Mweru. Wewe mto huo umeuvuka na mzigo wa dagaa kichwani. Ng'ambo ya mashariki kuna nini? Zambia, na wakati ule Rhodesia ya Kaskazini ya Waingereza. Urani ya Kongo ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, na Likasi iko kaskazini magharibi ya Lubumbashi, upande mwingine kabisa. Aliyeandika habari hii alikuwa anaitazama Katanga kutoka mbali sana.

Ila jina la urani ndilo lililomfanya mtu wa CIA asiligeuze lile gazeti kuwa la kufungia vitumbua. Shinkolobwe ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Chochote kilichoruka juu ya machimbo yale, hata kunguru, Mmarekani alitaka kujua.

Na mwaka wenyewe ulikuwa wa homa. Julai 1952 rada za uwanja wa ndege wa Washington zilionyesha vitu visivyojulikana wikiendi mbili mfululizo, ndege za kivita zikarushwa, magazeti yakawaka. London nako waziri mkuu Churchill akaandika kimemo kwa waziri wake akiuliza habari hizi za visahani maana yake nini hasa na ukweli ni upi. Jeshi la anga la Marekani lilikuwa na mradi wake wa kuzipokea taarifa, Blue Book, na mwaka ule mmoja zilimiminika 1,501. Walipoufunga mwaka 1969 jumla ilikuwa 12,618, na kati ya hizo 701 hazikupata maelezo. Hizo 701 ndizo watu wanazozing'ang'ania. Mimi nikiziona nawaza barua zisizo na tarehe.

Zilizopata maelezo zilikuwa nyota, sayari, ndege, maputo. Baadaye wanahistoria wa CIA waliandika kwamba nyingi za mwishoni mwa miaka ya 50 na za miaka ya 60 zilikuwa ndege zao wenyewe za siri, U-2, zilizopaa juu sana kuliko ndege za abiria. Jua limeshazama kwa rubani wa chini, lakini kule juu bado linapiga kwenye bawa la fedha. Rubani anaona moto angani, anaripoti kwa nia njema, na wanaopokea ripoti hawaruhusiwi kumwambia alichokiona. Hapo sasa ndipo serikali ilipoficha kitu, na kilichofichwa kilikuwa na mabawa na mtu ndani.

Unakumbuka ule usiku tulipotumwa kuni tukachelewa kilimani? Mwezi haupo, ziwa na mbingu vimekuwa weusi mmoja, na mbele yetu taa saba zinaelea hewani, zinapanda, zinashuka, moja inazimika inawaka tena. Wewe ulitupa kuni ukakimbia. Mimi nilikuwa nimeshatangulia. Asubuhi baba yako akacheka mpaka akakohoa: zilikuwa karabai za wavuvi wa dagaa, na ile iliyozimika ilikuwa yake, aliishiwa mafuta ya taa. Lakini kama usiku ule tungekutana na askari, angeandika taa saba zisizojulikana, mashahidi wawili wenye akili timamu, na mpaka leo zingekuwa jaladani.

Sikukatishi tamaa. Wamarekani walifungua ofisi nyingine mwaka 2022 ya mambo haya haya, na ripoti yao ya Machi 2024 ikasema hawajapata ushahidi wa chombo chochote cha kutoka nje ya dunia. Wapo wasioiamini, na watu waliodanganywa habari za U-2 siwezi kuwalaumu.

Kinachonikosesha usingizi mimi ni kitu kidogo mwishoni mwa ile karatasi. Wanasema Pierre ni ofisa wa kutegemewa na aliwaandikia wakubwa wake ripoti ya kina. Haya, iko wapi? Tulichonacho ni gazeti linalosema kwamba kuna ripoti. Ingefika mezani kwangu ningeandika dokezo: "Ripoti iliyotajwa haimo jaladani. Waulizwe Wabelgiji." Ripoti hiyo ndiyo folio ya 14, na hiyo ningeisoma hata kwa kukopa miwani.

Sasa nina ombi. Shangazi yako mwaka 1952 alikuwa msichana mkubwa, tena yuko hapo Kasanga na akili zake zote. Nenda kakae naye. Usimtajie visahani, usimtajie moto, usimsomee ujumbe wako. Muulize tu kama utotoni aliwahi kuona au kusikia kitu cha ajabu angani, halafu unyamaze umwache aongee. Atakachosema kiandike vile vile alivyosema, weka tarehe, umpe kijana arudi nacho.

Na kama migebuka mikavu ipo, mfungie kidogo.

Wako,
Baba Tumaini