Mtoto wa miezi minne abanwe nywele za nini?

Mhariri, naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu maana nyumbani nishasema hadi nimechoka.

Binti yangu alizaliwa na nywele za singa, nyeusi tii zimelala kichwani, yaani wodini kila anayepita lazima amshike kichwa, hongera mama, mwanao ana nywele za Kisomali. Siku ya saba tukafanya akika akanyolewa, zikaota tena laini vilevile. Alipoingia mwezi wa nne zikaanza kujikunja, na kisogoni pakabaki kipara, basi hongera zote zikageuka pole. Wifi yangu anasema aliyemnyoa ana mkono mbaya, anyolewe upya na mtu mwingine singa zitarudi, jirani naye anasema huo ni mchango nikatafute dawa ya kienyeji. Baba mtu ana kipilipili, mimi hivyohivyo, sasa singa zitoke wapi jamani?

Nikamuuliza nesi kliniki, akacheka kwanza. Akasema nywele anazozaliwa nazo mtoto nyingi hudondoka miezi ya mwanzo, zinazofuata ndo zinaanza kuonyesha za kwake, na kile kipara ni kwa vile analala chali kutwa anasugua kichwa kwenye shuka, akianza kukaa zitaota. Wembe nao haubadilishi kitu, shina la nywele liko ndani ya ngozi, haufiki huko. Akika naiheshimu, ni sunna, ila kunyoa mara 3 mara 4 eti unatafuta singa ni kumtafutia mtoto vidonda tu, tena kwa wembe usiojua umetoka kwa nani.

Kilichoniuma hasa ni saluni. Nilimwachia dada mmoja wa saluni ya mtaani kwetu mtoto dakika 20 hivi nikafuate maziwa dukani, narudi namkuta analia, amebanwa vifundo 6 kwa vile viraba vidogo vya rangi, ngozi ya paji imevutwa mpaka nyusi zimepanda juu, na jeli ya watu wazima keshapakwa. Nilivikata kimoja kimoja kwa mkasi wa kucha, na bado kila kimoja kilitoka na nywele zake, pembeni mwa paji vipele vyekundu. Dada wa watu anashangaa, "Si apendeze mama, sasa watu watajuaje ni wa kike?"

Kipilipili cha mtoto mchanga wala hakina makuu. Mi namuosha kwa sabuni ya watoto mara 2 kwa wiki, zikiwa bado na majimaji nampaka mafuta ya nazi kidogo, nachambua kwa vidole, basi. Kuna kipindi alitoka magamba ya njano kichwani kama ukoko wa wali, bibi yake akakataa kabisa tusiguse utosi eti unapumua, kumbe ile kudunda ni mapigo ya damu tu na utosi unaoshwa kama kawaida bila kukandamiza. Nikapaka mafuta yakalainika, nikapitisha kitambaa laini taratibu, nikaosha. Ndani ya wiki mbili yalikwisha.

Ombi langu Mhariri, mtafuteni daktari wa ngozi aeleze hili la viraba na majeli kwenye ukurasa wa afya. Halafu zile picha za sikukuu, vitoto vina meno mawili mdomoni vimeshasukwa rasta, mzipunguze basi.

Mama Kipilipili,
Tandika, Dar es Salaam