Shangazi, lile jibu la Jumapili nililikata nusu

Shangazi shikamoo,

Uliniuliza kwenye simu nimeitwa chuoni kufundisha nini, nikakujibu historia ya michezo ya jukwaani ya Marekani halafu fasta nikakuuliza habari za mguu wako. Sikukudanganya ila nilikupa nusu, na hiyo nusu nyingine imenikaa kooni wiki nzima. Somo lilikuwa mashoga na wasagaji kwenye jukwaa la New York.

Nilianza na Februari 1927. Kulikuwa na mchezo Broadway, kule kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, unaitwa The Captive, wa binti anayempenda mwanamke mwenzie, na huyo mwanamke hatokei jukwaani hata mara moja, yanaletwa tu maua yake ya zambarau. Maua tu shangazi! Polisi wakaja wakabeba waigizaji, na mwaka huohuo ikapita sheria kwamba ukumbi ukionyesha mambo hayo unapigwa kufuli hadi mwaka mzima, sheria ikabaki vitabuni mpaka 1967.

Wanafunzi walikuwa wanaandika andika tu, basi nikatoa selotepu nikapima sakafuni futi nane kwa nane, nikawaambia wanane waingie humo. Wakabanana mabega kwa mabega. Nikawaambia jukwaa la Caffe Cino pale Cornelia Street lilikuwa hivyo hivyo, mkahawa wa Joe Cino aliyeufungua 1958, waigizaji wanalipwa kwa kupitisha kofia, na hapo mwaka 1964, sheria bado ipo, Lanford Wilson akaweka mchezo wa shoga anayezeeka yuko peke yake chumbani na joto la kiangazi, upweke unamla. Hakuna maua ya kumwakilisha, ni yeye mwenyewe. Darasa lilinyamaza.

Kilichonishinda mimi ni Lorraine Hansberry. 1959 ndo mwanamke mweusi wa kwanza mchezo wake kuingia Broadway, dunia nzima inamjua, lakini miaka miwili nyuma aliandika barua kwenye jarida la wasagaji, The Ladder, akasaini herufi za mwanzo tu. Nilipofika hapo sauti ikakwama maana nilikumbuka simu yetu.

Wewe ndo ulinishonea joho la mfalme darasa la tano kwa pazia la sebuleni, ukakaa mstari wa mbele. Wewe wa kukupa nusu jibu kweli?

Jumapili nipigie, uniulize tena.